Kilo za Mama Mkwe

Kalungu, 8 Machi

Ssebo Ddamulira, mkwe wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti huku kwangu. Hunioni, na kutoniona ndiyo heshima yenyewe. Mmeamkaje huko Nateete? Nakyejwe wangu hajambo? Magodoro dukani kwako yananunuliwa?

Nakyejwe hachoki kuniambia, "Mama, si umpigie tu simu mkwe wako?" Nimekataa na nitakataa. Mimi na wewe hatuketi chumba kimoja, hatuli pamoja, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia shambani. Kwenye msiba wa babu yake Nakyejwe nilijificha migombani mpaka ulipopita. Siafu walinipanda hadi kiunoni na sikupiga ukelele. Halafu leo nikuweke sikioni uninong'oneze? Mwiko wa obuko ni mwiko, na wanaouvunja mikono huwatetemeka mpaka wanaingia kaburini. Barua inatosha.

Sasa sikia. Kyeyune wa lori la kahawa amenirudishia kikapu jana, akaniambia umepungua. Eti shati la bluu linakupwaya, na ulipoinuka kwenye godoro la maonyesho, godoro halikuonyesha hata kwamba kuna mtu ametoka. Nimelala vibaya.

Ssebo, miaka kumi na moja iliyopita ulipokuja kujitambulisha kwetu, dada zangu walichungulia dirishani wakanicheka. "Teopista, binti yako anachukuliwa na ufito!" Ulikuja umekonda, huna mama tangu utotoni, suti ya kuazima. Nikajiapia. Tangu wiki ile kila Ijumaa Kyeyune anakuletea kikapu: luwombo ya kuku mzima ndani ya jani lake la mgomba, firigisi humo humo, mchuzi wa karanga, matoke ya moto. Ukanenepa. Watu wa hapa wakikuona mjini wanarudi kunipongeza. Zile kilo ni zangu, ssebo. Nani anazichukua?

Jambo la pili. Kikapu hakirudi kitupu, desturi unaijua na nakushukuru. Lakini zamani ulinirudishia sabuni, majani ya chai, mara moja kitambaa cha gomesi. Safari hii umenitumia pakiti za chumvi, na moja ilikuwa imefunguliwa. Mimi chumvi ninayo. Umeingizaje mkono kwenye chumvi ya jikoni kwa mwanangu?

Mwambie Nakyejwe simu zake zimekuwa fupi mno.

Ni mimi,
Teopista, mama yake Nakyejwe


(Hii Ddamulira hakuituma.)

Nateete, 10 Machi

Nnyabo,

Mafigo ya Nakyejwe yamekufa. Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kulizunguka.

Tangu Januari anasafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa. Chumvi amekatazwa. Matoke amekatazwa, karanga, maharage, karibu kila ulichomfundisha kupika. Ndiyo maana umeipata chumvi yetu. Sikupenda ibaki kabatini, na kuitupa jalalani nilishindwa.

Nimepimwa. Figo langu linamfaa. Madaktari walifurahi, wakanipa mkono, kisha wakanipandisha kwenye mizani na furaha ikaishia hapo. Nimezidi uzito, na juu ya hayo presha imepanda. Mtu wa mwili huu hawamkati kumtoa figo, wanaogopa kupoteza wawili. "Punguza kilo kumi na nane, urudi," daktari aliniambia. Nilitaka kumjibu kwamba mwenye hizo kilo yuko Kalungu, akaongee naye.

Nakyejwe ameniapisha nisikwambie. Anasema ulipomzika Kiwanuka, kaka yake, hukuwasha jiko mwaka mzima. Anasema una presha na una miaka sitini na tisa, na ukisikia tu utapanda lori la Kyeyune na kisu chako mwenyewe ukadai wakutoe lako. "Tumwambie siku tukipewa tarehe," anasema. Lakini tarehe ni mimi, nnyabo. Tarehe ni tumbo langu.

Siku sita ninajitahidi. Naamka natembea mpaka Rubaga, nakula kabichi, sikai. Dukani nazunguka kati ya magodoro mpaka wateja wanadhani nina deni. Kisha Ijumaa Kyeyune anapiga honi na harufu ya jani inaingia kabla yake. Nitakurudishiaje mkono wako, wewe uliyenipikia kabla hujanijua? Mkwe gani hufanya hivyo?

Sitaituma hii. Nilitaka tu iandikwe mahali.


Nateete, 10 Machi

Nnyabo mpendwa,

Nimepokea salamu zako kwa heshima kubwa na kikapu kwa furaha kubwa zaidi. Sisi hatujambo. Nakyejwe ana mafua kidogo, ndiyo maana simu zake ni fupi, sauti inamkauka.

Kyeyune macho yake ni ya dereva, huona vitu kwa mbali. Ni kweli siku hizi natembea sana kwa ajili ya biashara, na mwili ukitembea hupungua kidogo. Usiwe na wasiwasi. Kuku wako ni mkubwa mno kwa watu wawili, nnyabo. Hata akiwa mdogo tunashiba. Hata karanga zikiwa chache tunashiba.

Kikapu kinarudi na mafuta ya kupikia na sukari. Ni vya kwako.

Mkwe wako mtiifu,
Vianney Ddamulira


Kalungu, 16 Machi

Ssebo Ddamulira,

Nimekuelewa. Mtu akiona haya kusema ana njaa, husema "hata kidogo tunashiba." Nilifanya hivyo mwenyewe ukweni kwangu nikiwa bibi arusi, nikakaribia kuzimia.

Kwa hiyo Ijumaa hii ni kuku wawili. Nimeongeza nyama iliyokaushwa kwa moshi ndani ya karanga, na matoke nimeyaponda na samli ya ng'ombe wangu mwenyewe. Kula, mkwe wangu. Kula na mifupa uinyonye.

Halafu nakuuliza kama mama, na hapa usinifiche. Umepima? Kiwanuka wangu alianza hivi hivi. Alianza na shati. Tukasema ni kutembea, tukasema ni kazi, tukasema kila kitu isipokuwa jina lake, na miaka ile dawa hazikuwepo. Siku hizi zipo. Kama ndiyo hiyo, semeni, mtapona. Mimi kilichoniua si ugonjwa, ni kule kuambiwa mwishoni.

Mafuta ya kupikia yamefika. Yamepungua robo. Ssebo, kwa nini unanitumia vitu vilivyokwisha kuanzwa? Nimekosa raha. Napanga sufuria, nazipangua, natoka nje kuangalia barabara kana kwamba barabara itanijibu.

Teopista


(Hii nayo haikutumwa.)

Nateete, 5 Aprili

Nnyabo,

Nimekula. Wiki tatu mfululizo nimekula vyote, kuku wote wawili, nimesimama jikoni mlango umefungwa, jani nikalikunjua kwa pupa. Nilikuwa nimeshapunguza kilo saba. Jana mizani imenionyesha nimerudisha tano. Daktari hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliandika tu, akasema tuonane Juni, kisha akamtazama Nakyejwe kwa muda.

Nakyejwe amevimba miguu. Viatu haviingii.

Ijumaa ya juzi alirudi kutoka kwenye mashine mapema kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimenawa, nimefuta mdomo, nimechimbia mifupa nje. Akanisogelea akanusa kola ya shati. Nikajua kwisha kazi. Hakukasirika. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akafumba macho, akasema, "Niambie ilikuwaje. Pole pole. Anza na jani."

Nikamwambia. Jani limeiva rangi ya kahawia, nikamwambia, linanuka moshi. Karanga zimetulia juu, mafuta yake pembeni. Uyoga uko chini, kama kawaida yake mama. Akauliza, "Firigisi ilikuwa laini?" Nikasema ilikuwa laini. Akasema, "Mama hajaisahau." Machozi yalikuwa yanamtoka na bado anatabasamu, na mimi pale nimesimama na tumbo lililoshiba.

Sistahili hata kuvaa hili shati.


Nateete, 5 Aprili

Nnyabo,

Pole na kazi. Naandika kwa kifupi.

Nakuomba kwa heshima zote usitume kikapu kwa muda. Sina sababu mbaya. Nitakueleza baadaye.

Kyeyune anakuletea samaki wakavu, na sufuria kubwa uliyotupatia kwenye harusi. Haitumiki sasa, inajaza nafasi.

Samahani sana.

Ddamulira


Kalungu, 8 Aprili

Ddamulira,

Leo sikusalimu.

Umenirudishia sufuria. Ile sufuria aliibeba shangazi yake Nakyejwe kichwani mbele ya ukoo wenu wote siku tuliyokukabidhi binti, watu wakapiga vigelegele, na leo imeshushwa kwangu kutoka kwenye lori kati ya magunia ya kahawa. Majirani wamesimama wanatazama. Chumvi, sukari, mafuta, samaki, sufuria. Unadhani mimi sijui kinachofanyika? Unavunja jiko la mwanangu kipande kwa kipande ili siku ukimfukuza asikute kitu cha kudai.

Kyeyune nilimwambia achungulie. Ijumaa Nakyejwe hayupo nyumbani. Jumanne hayupo. Jikoni baridi, hakuna moto. Na wewe hutaki chakula changu. Nani anakupikia, ssebo? Ana jina? Nimekulisha miaka kumi na moja, nimekutia mwili, sasa mwili wangu unaupeleka kwa mwingine!

Nakyejwe nikimuuliza anasema "ni sawa mama," kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye mwiba. Kama umemchoka, mrudishe kwa mlango uliomtoa, mchana, watu wakiona. Kwangu kuna kitanda.

Usinijibu mpaka uwe na la maana.

Teopista Nassali


Kalungu, 20 Aprili

Ssebo Ddamulira,

Nimesubiri hukujibu, ukawa umenitii. Vema. Sasa ninaongea mimi.

Nilitandika mkeka sebuleni nikavipanga vitu vyako vyote. Nilitaka nivihesabu mbele ya mashahidi nikushtaki kwa wazee. Nimekaa navyo siku nyingi, nawatukana samaki. Juzi nikaenda zahanati kupimwa presha, na nesi akarudia wimbo wake: "Nnyabo, umeacha chumvi?" Nikamdanganya nimeacha. Nikiwa njiani nikakumbuka nilichofanya mwaka ule aliponiambia mara ya kwanza. Niliibeba chumvi yangu nikampelekea jirani anifichie, kwa kuwa ikiwa ndani sikai salama.

Nikasimama pale barabarani. Mtu anayetoa chumvi nyumbani kwake, ssebo, si mtu anayefukuza mke. Ni mtu aliyeambiwa na daktari.

Nikampigia Nakyejwe. Sikumuuliza anaumwa nini. Nilimuuliza, "Jana umekula nini?" Huyu mtoto anaweza kudanganya juu ya kila kitu ila chakula. Akasema wali mweupe na kabichi iliyochemshwa mara mbili, maji yamemwagwa. Mwanangu, aliyezaliwa chini ya mgomba, anakula wali bila tonge la matoke! Nikamwambia, "Nakyejwe, nimeketi chini. Sema." Akasema yote.

Nimewakasirikia sana, ninyi wawili. Nililia mpaka ng'ombe akaja kuangalia. Halafu nikasema lichukuliwe langu, ninayo mawili, ya nini yote kwa mwanamke anayekaa na ng'ombe? Akaniambia kwa presha yangu hawatanigusa. Kumbe alijua nitasema hivyo. Kumbe ndiyo maana mlikaa kimya.

Basi. Kilo zile nilikupa mimi, mimi ndiye nitakayezichukua. Tangu juzi nimechoma majani mchana na usiku nikijaribu, na dada zangu wamekula makosa yangu. Nimegundua kitu ambacho mama yangu alikijua na mimi nilikisahau nilipoanza kupika kwa kujionyesha: ladha ya luwombo inatoka kwenye jani lililopitishwa motoni, siyo kwenye karanga. Karanga ni mbwembwe.

Ijumaa hii utapata mafurushi mawili. La fundo moja ni la Nakyejwe: kipande kidogo cha kuku, kitunguu, tangawizi, ndimu, bila chumvi. Nesi wa zahanati ameniulizia kwa wenzake wa hospitali na wamekubali. La mafundo mawili ni lako: kuku nimemvua ngozi, nyanya chungu, uyoga, mboga za nakati nyingi. Matoke ni kipande cha ngumi yangu, siyo ya kwako. Ukimaliza, nyanyuka utembee. Usiguse la fundo moja.

Mwambie mwanangu aanze na harufu ya jani. Na sufuria nimeipokea, itarudi kwenu siku ikihitajika.

Mkweo,
Teopista


Nateete, 2 Juni

Nnyabo,

Siku ile barua yako ilipofika nilishindwa kuisoma kwa sauti, Nakyejwe akaninyang'anya akaisoma mwenyewe. Alipofika kwa ng'ombe alicheka mpaka akashika ubavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Furushi la fundo moja analifungua yeye mwenyewe kila Ijumaa akitoka kwenye mashine. Anaweka uso juu ya jani kwanza, muda mrefu, mpaka namwambia chakula kitapoa. Mara ya kwanza alikula nusu akalala kitini na kijiko mkononi. Sasa anamaliza.

Langu ni tamu, nnyabo, na ninasema kweli, naapa. Lakini linaisha upesi! Nikilitafuta halipo. Natembea mpaka Rubaga asubuhi, na jioni nakwenda tena kwa kuwa nikikaa nyumbani nasikia kabati linaniita. Dukani wateja wananilalamikia. Zamani nilikuwa nakaa juu ya godoro wanasema likimbeba huyu litabeba ukoo mzima. Sasa nikikaa hawashawishiki.

Na nakuungamia moja kabla Kyeyune hajakupelekea. Jumatano nilinunua chapati ya mayai kwa kijana wa kona, ile ya kuviringisha, nikaila nimejificha nyuma ya lori la mkaa. Moja. Moja na nusu.

Leo nimepanda mizani. Kilo tisa zimetoka kwenye zile kumi na nane. Daktari alinitazama machoni safari hii. Lakini Nakyejwe anachoka, ngazi mbili tu anapumzika, na nikimwona hivyo nataka kujikata kilo zilizobaki kwa kisu niende leo. Itatosha, nnyabo? Nitawahi?

Vianney


Kalungu, 5 Juni

Ssebo,

Chapati moja na nusu! Hiyo nusu nyingine ulimwachia nani, malaika wako? Nimemtuma Kyeyune kwa huyo kijana wa kona na ujumbe. Akikuuzia tena, nitakuja mimi mwenyewe nisimame kwenye kikaango chake, na obuko utajua pa kujificha.

Sikiliza. Njaa ya saa kumi nami ninaijua. Nimeanza kula kama wewe, kwa kuwa kupika kwa mtu chakula ambacho hukili ni unafiki. Tumbo linanguruma, nazunguka nyumba, nafagia mahali palipofagiliwa. Tafuna muwa? Hapana, hata muwa nimekukataza. Tafuna nyanya chungu mbichi. Uchungu wake unafukuza tamaa, na kama haufukuzi, walau unakuadhibu.

Nesi amenipima. Presha imeshuka. Ananiuliza ninatumia dawa gani, nikamwambia ninatumia mkwe.

Umeniuliza kama utawahi. Sijui. Usiniulize hivyo tena, usiku wangu wote umekwenda kwenye hilo swali. Ninachojua ni kuwasha moto Ijumaa. Wewe tembea.

Teopista


Nateete, 1 Septemba

Nnyabo,

Tumepewa tarehe. Tarehe 18.

Kilo zimetoka zote, na moja ya ziada. Presha imetulia. Daktari aliniuliza nimekuwa nikiishi kwa kula nini, nikamwambia kwa luwombo, akadhani nafanya mzaha. Nakyejwe alinishika suruali kiunoni, pale nilipoikunja kwa mkanda, akaishikilia hivyo mpaka tukafika kituoni.

Sasa kuna jambo la aibu. Hospitali inataka kila mgonjwa awe na mtu wake wa kumhudumia. Nakyejwe ana wewe. Mimi mtu wangu siku zote alikuwa Nakyejwe. Ndugu yangu wa Jinja amesema atajitahidi kuja, na wewe unajua kujitahidi kwake. Nimewaambia manesi watutenge kwa pazia, ili uje bila wasiwasi. Mimi nitajihudumia. Sitaki uvunje chochote kwa ajili yangu.

Ninaogopa, nnyabo. Mchana nikifungua duka naogopa, nikifunga naogopa. Siogopi kisu. Naogopa niamke niambiwe limekataa kufanya kazi kwake, halafu nikutazameje, hata kama ni kwa barua.

Ikienda vizuri nina ombi moja. Nataka luwombo ya karanga. Moja tu, maishani.

Vianney


Hospitalini, 20 Septemba

Vianney, mwanangu,

Barua hii nimeiweka chini ya mto wako kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiikuta hapo utajua kwamba nimelipita pazia.

Nikueleze ilivyokuwa. Nakyejwe walimpeleka kwenye chumba cha vioo na kunifungia nje, eti kwa siku hizi za kwanza pumzi yangu inaweza kumdhuru. Nikarudi wodini nikakaa kwenye mkeka wangu upande wangu wa pazia, nimejifunika shali, sina wa kumhudumia. Wakakuleta wewe. Wakauliza, "Mwenye mgonjwa huyu yuko wapi?" Ndugu yako wa Jinja bado alikuwa anajitahidi. Wakauliza tena. Mimi nasikia meno yako yanagongana kwa baridi ya dawa, na unaita, sauti ndogo ya mtoto. Hukumwita Nakyejwe. Uliita mama.

Huna mama, nalijua hilo tangu siku ya suti ya kuazima. Nikasema, "Niko hapa. Ni wangu." Nikainuka.

Nimekufunika. Nimekulowesha midomo kwa pamba. Nimekutazama usoni, ssebo, kwa mara ya kwanza tangu unichukulie binti, na kwa kuwa nilishavunja nikaona nitazame vizuri. Una kovu juu ya jicho, Nakyejwe hakuniambia. Umekonda kuliko siku ile ya dirishani. Dada zangu wangecheka. Mimi nilikushika mkono nikalia juu yake, samahani kwa kuulowesha.

Nakyejwe amekojoa! Jana jioni, na leo asubuhi tena, mwingi, nesi alitoka na chombo amekiinua juu wodi nzima ikapiga makofi. Sikujua nitakuja kushangilia kitu kama hicho uzeeni. Figo lako limekaa. Amenipungia mkono kwenye kioo, akaweka kiganja puani, hivi, kuniuliza iko wapi harufu ya jani.

Kesho wamesema unaweza kuanza kula. Nimepewa jiko nyuma ya wodi na majani nimekuja nayo kutoka nyumbani. Kuku hana ngozi. Uyoga uko chini. Na kwa sababu uliomba, nimetia karanga kijiko kimoja, daktari amesimama pale anahesabu. Nitakulisha mimi. Pazia nimemwambia nesi alitoe kabisa, linazuia hewa.

Mwandiko huu ni mbaya kwa kuwa mkono unanitetemeka tangu juzi. Wakija watu wa nyumbani wakasema ni obuko, usibishane nao. Waache waseme, mimi nautetemesha huku nakulisha.

Mama yako,
Teopista